Chanuo Kizimbani

Msusi huyu waliyemwita Chanuo, kama kichwa chako hakijapita mapajani mwake, pole, bado hujasukwa. Alikuwa anakwambia usoni: "Hizo nywele zimesukwa au zimepigwa na radi?" Mteja anacheka, anakaa, anatulia.

Ila mdogo wake wa kiume ndiye aliyemkausha mzaha mdomoni. Huyo walimwita Bosi, kwa sababu hajawahi kushika kazi. Alirudi kutoka nje ya nchi na binti yake wa miaka sita. Mama wa mtoto, ambaye walishaachana, aliambiwa ni likizo tu, mtoto akamsalimie shangazi. Likizo ikaota mizizi. Bosi akambwaga mtoto saluni kwa dada yake, yeye huyoo, akaenda kutembeza miwani mjini. Na Chanuo, ambaye hakujaliwa kuzaa, akawa kila Jumamosi anamsuka mtindo mpya, anamwonyesha wateja kama kombe la mpira.

Mwaka haujaisha, mama mtu akatua na wakili. Mtoto arudishwe kwao.

"Dada, we sema tu mama yake alikubali abaki," Bosi akambembeleza kwenye korido ya mahakama, marashi yananuka mpaka askari anapiga chafya. "Neno moja tu, mtoto anakuwa wako."

Chanuo ukweli anaujua. Si yeye aliyekuwa anapokea simu za yule mama, analia, anauliza mwanangu anarudi lini? Lakini anamtaka mtoto awe wake. Alishaamua kudanganya, tena kwa kiapo.

Basi Bosi akachuchumaa mbele ya binti yake. "Haya, turudie. Jaji akikuuliza kuhusu mama?"

"Simkumbuki."

"Mama akilia je?"

"Namwambia simjui."

"Akili za baba hizo!" Akampa pipi.

Mtoto akamkimbilia Chanuo, shavu limevimba pipi. "Shangazi, nimesema vizuri?"

Chanuo ameshika vichwa vya chawa, vya usaha, vya harufu ambayo hata nzi anaomba ruhusa, na hajawahi kutema mate. Siku hiyo aliliendea pipa la taka akatema, na bado mdomo mchungu. Kilichomtia kinyaa zaidi si Bosi. Ni kwamba ulimi wake mwenyewe ulishaanza kusema, vizuri, mwanangu.

Ndani, Bosi akaapa kwamba yeye ndiye anayemwogesha mtoto, anayempikia, hata kumsuka.

"Kumsuka?" Chanuo akaropoka. "Huyo hata kamba ya kiatu inamshinda!"

Watu wakaangua kicheko. Jaji akagonga meza.

Zamu yake ikafika. Wakili wa Bosi, anatabasamu: "Mama alikubali mtoto abaki?"

"Thubutu! Aliibiwa mtoto. Na mimi nikamficha mwizi, huku najua."

Jaji akaamuru mtoto arudi kwa mama yake.

"Umeuza damu yako!" Bosi akafoka koridoni.

"Nipishe. Kaoge, marashi hayafuniki uoza."

Mama mtu alikuwa amesimama karibu na mlango, anaogopa hata kusogea.

"Yule ni mama yako," Chanuo akasema.

"Lakini baba alisema..."

"Alikudanganya. Mimi nikanyamaza."

Mtoto akafikiri. "Na wewe unakuja, shangazi?"

Mdomo wote ule, utani ukamwisha. "Siji," akasema, akamshika mkono, akampeleka.