Pikipiki Iliyoleta Sukari

Wakala aliyetuuzia pikipiki alituita tukabadilishiwe breki bure, kwani zilikuwa na kasoro ya kiwandani, kwa sharti injini isiwe imechezewa. Mie kwa kupenda sifa, yangu nilishaiongezea nguvu kwa fundi wa mtaani Temeke, na bomba la moshi nikalikata ili ingurume. Nikamwapia fundi wa wakala, "Haijaguswa hii, ndugu!"

Akapiga kiki, pikipiki ikanguruma mtaa mzima. Ng'ambo ya barabara, kwenye duka la ushirika, akina mama waliokuwa wameketi wakisubiri wakainuka na vikapu, wakajipanga foleni. Mmoja akatukimbilia. "Lori la sukari tumelisikia, liko wapi?"

Fundi akacheka mpaka akakaa chini.

"Breki utapata, ndugu, unazihitaji kuliko wote. Ila hao akina mama kawaeleze mwenyewe."