Mama Asijue

Uamuzi ulipitishwa sebuleni kwa mjomba, kule Ibadakuli, saa nne asubuhi, mwili wa mdogo wangu ukiwa bado njiani. Alikuwa mchimbaji mdogo huko Bulyanhulu. Hakuwa wa mgodi mkubwa, alikuwa wa yale maduara, mashimo wanayochimba wenyewe kwa sururu na kamba, na kifusi kilikuwa kimewafukia yeye na mwenzake mmoja. Mwenzake alitolewa hai. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa amevaa koti la suti juu ya msuli kwa sababu habari zilimkuta hajajiandaa. Akasema, "Dada yangu asijue. Mnajua presha yake ilivyo. Tukimwambia, tutazika wawili."

Niliunga mkono. Nalisema hili mapema kwa sababu siku hizi ndugu wakikutana wanapenda kusema lilikuwa wazo la mjomba. Mimi ndiye niliyekuwa nikiishi na mama, mtaa wa Kambarage. Mimi ndiye niliyempeleka kliniki nikamsikia daktari akisema asipewe habari mbaya ghafla. Neno "ghafla" nilikuja kulikumbuka baadaye. Siku ile nilikumbuka tu kwamba asipewe habari mbaya.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na nikipewa jambo nalipanga hadi mwisho. Nilimwambia mama ninakwenda Geita kwenye semina ya akina mama wa kanisa, siku nne. Nikapita mtaani nyumba kwa nyumba kuwaomba majirani wasimpe pole. Nikachukua simu yake ndogo ya batani nikaifuta namba ya mdogo wangu, asije akapiga. Kisha tukaenda kumzika kijijini, pembeni ya kaburi la baba, mama akiwa nyumbani uani anachambua mchele.

Matanga tuliyakalia kwa mjomba. Kwetu matanga yakianuliwa wafiwa hunyolewa. Shangazi alishika wembe akawapitia wote waliokuwa mkekani, na zamu yangu ilipofika akanirudisha. "Wewe acha. Mama yako ataona." Nikabaki na nywele zangu za kusuka katikati ya vichwa vitupu, kama mtu aliyepita tu hapo akakaribishwa wali. Nilikasirika sana. Nilimkasirikia shangazi, nikamkasirikia na marehemu, kwa sababu Krismasi iliyopita nilimwambia abaki mjini nimfungulie kibanda cha kutengeneza simu, akanicheka, akasema mimi nataka kumfundisha kila mtu hadi watu wazima.

Niliporudi nyumbani nilikuwa nimenawa uso mara tatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Semina ilikuwaje?"

"Nzuri."

"Mlifundishwa nini?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nikasema tumefundishwa uvumilivu. Akaniangalia, akasema, "Haya, kula basi. Umekonda kwa siku nne tu."

Mdogo wangu alikuwa na desturi ya kumpigia mama kila Jumapili baada ya ibada. Jumapili ya kwanza mama aliuliza mbona kimya, nikasema huko machimboni mtandao unasumbua. Ya pili akauliza tena, nikasema nimeongea naye kwa simu ya rafiki yake, ni mzima, anasalimia. Ya tatu hakuuliza. Nikamshukuru Mungu nikidhani ameanza kuzoea.

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni nilikuwa nikimpima presha kwa ile mashine ya kufunga mkononi. Nilitegemea kwamba, kwa kuwa hajui kitu, namba zitatulia. Zikapanda. Dawa alikuwa anameza mbele yangu, chumvi nilikuwa nimeiondoa hadi mboga haina ladha, na bado zilipanda.

"Ngapi leo?"

"Mia thelathini kwa themanini."

Mashine ilikuwa inasoma mia tisini. Nikabadilisha betri. Nikaazima mashine ya mwalimu mwenzangu, nayo ikasema vilevile. Hapo ningeshtuka, lakini mtu akishaamua kudanganya kwa nia njema, akili huacha kufanya kazi. Nilichofanya ni kumpunguzia chumvi ambayo haikuwepo.

Mwili wangu nao ukaanza visa. Tumbo liliwaka moto kuanzia asubuhi. Ugali ukishuka, unarudi. Siku zangu zilikatika, na mimba haikuwepo, maana hata wa kunipa hakuwepo. Nilikwenda zahanati, mganga akaniminya tumbo akaniuliza, "Dada, una mawazo?" Nikamjibu sina. Akaniandikia dawa za vidonda vya tumbo na kunikataza pilipili. Mama ndiye aliyeniuguza. Nikitoka shuleni nakuta ameshanichemshia maziwa, amekaa kando yake na kawa asiingie nzi. "Kunywa, ng'wanone, kunywa mwanangu, tumbo lipoe," ananiambia, na mimi nakunywa huku nikimkwepa macho.

Ni katika siku hizo alipoanza kujifunga kilemba. Anashinda nacho, analala nacho. Nikimuuliza anasema anasikia baridi kichwani. Mwezi wa kumi, Shinyanga, bati linawaka, mama anasikia baridi! Nikamtania, "Mama, umeokoka bila kutuambia?" Akacheka kweli, na huku anacheka akakishika kilemba kwa mikono miwili.

Jumatatu moja kikombe cha chai kilimdondoka mkononi. Nikageuka kumwambia asijali, nikaona mdomo wake umekwenda upande. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mama mmoja mwuza vitumbua, akanisaidia kumwingiza kwenye bajaji, tukafika hospitali. Kiharusi. Upande wa kulia haukuwa na nguvu na maneno yalikuwa hayatoki. Muuguzi akamlaza, akamfungua kilemba ili ampangie mto vizuri.

Kichwa cha mama kilikuwa kimenyolewa. Nywele zilikuwa zimeanza kuota, fupi na nyeupe.

Nilimgeukia jirani. Alikuwa ameshaanza kulia. "Ni mimi niliyemnyoa," akasema. "Nisamehe, mwalimu. Aliniapisha."

Akanisimulia tukiwa tumesimama kando ya kitanda. Baada ya Jumapili ya pili mama alimwita, akampa kitabu chake cha nyimbo za kanisani. Ndani ya jalada mdogo wangu alikuwa ameandika namba yake kwa peni, zamani, kwa maandishi makubwa ili mama aione. Mimi nilifuta ya kwenye simu. Kitabu sikukifikiria. Jirani akampigia, naye hakujua ni namba ya nani. Ikapokelewa na yule mwenzake aliyetolewa hai, ndiye aliyebaki na simu ya mdogo wangu. Aliposikia anaongea na mama wa marehemu akasema, "Pole, mama. Pole sana na msiba. Nilishindwa kuja kuzika, mguu wangu bado haujapona."

Mama alikaa juu ya ndoo iliyoinamishwa. Hakulia. Aliuliza jina la mwanawe mara mbili, kuhakikisha. Kisha akaomba anyolewe.

"Nikamwambia bibi, lia basi, binti yako yuko kazini, hakusikii," jirani akasema. "Akasema akianza hataweza kunyamaza kabla hujarudi. Akasema wewe unatapika kila siku kwa ajili yake, na ukijua kwamba anajua utaanguka. Alitaka kwanza upone tumbo ndipo akwambie."

Wiki sita. Wiki sita tumekula meza moja, kila mmoja anamlinda mwenzake, na mashine ya presha inatuambia ukweli kila asubuhi sisi hatuisikii. Daktari alisema presha ya mama ilikuwa ya siku nyingi na huenda kiharusi kingekuja tu. Labda. Ninachojua ni kwamba mama yangu alifiwa na mtoto akakosa hata siku moja ya kulia, na aliyemnyima siku hiyo ni mimi.

Nikainama, nikamwambia sikioni kila kitu. Kwamba amekufa. Kwamba tumemlaza karibu na baba, kaburi limejengewa vizuri, shangazi aliimba. Mama alinisikiliza, jicho haliondoki usoni kwangu. Kisha akainua mkono wa kushoto, ule uliobaki na nguvu, akashika msuko wangu mmoja, akauvuta. Akaushika na mwingine, akavuta tena. Nikaelewa anachouliza.

Jirani alinifumua uani, nyuma ya wodi, penye kamba za kuanikia mashuka. Akanunua wembe kwenye duka la getini, akaninyoa kwa maji ya chupa. Nikarudi ndani nikapiga magoti, nikamwekea mama kichwa changu kifuani. Akakipapasa polepole, mbele, nyuma, kisogoni, kama anakagua kazi. Kisha sauti ikamtoka. Haikuwa na maneno, lakini wodi nzima iligeuka.

Muuguzi akaja mbio na mashine. "Dada, mnyamazishe bibi! Presha itapanda!"

"Mwache alie," nikamwambia. "Amefiwa na mtoto wake."

Akalia mpaka chakula cha mchana kikaletwa, na mimi nikalia naye. Alifariki Ijumaa.