Sinia la Shaba na Nta ya Werugha

Nilisoma mpaka darasa la tano, na nasema bila haya kwamba mtu wa kwanza kuandika shaba kwa mashine pale Voi nilikuwa mimi. Waliokuja na kompyuta baadaye walinikuta. Na mashine yenyewe sikuinunua, niliiunda. Nilisimama mlangoni mwa duka moja la Mombasa lililoandika vikombe vya mashindano, nikaitazama mashine yao asubuhi nzima mpaka wakanifukuza. Nikarudi nyumbani nayo kichwani.

Ilikuwa vyuma vinne virefu vilivyofungwa kwa bolti, vinafunguka na kujifunga kama mkasi. Ncha moja ilikuwa na msumari, nao niliuburuta ndani ya herufi kubwa nilizochonga kwenye mbao. Ncha ya pili nilifunga rauta, ile mashine ya seremala ya kukata nakshi za milango, nikaitia kisu chembamba. Nikifuata herufi ya mbao, kisu kinaandika herufi ileile juu ya shaba, ila ndogo. Mafundi walinicheka. Walisema rauta ni ya mbao, kisu kitaruka kinitoboe jicho. Dawa yake niliigundua mwenyewe: usiile shaba kwa pupa. Unapita juujuu, unene wa karatasi, unarudia mara tano, mara sita, na kila mara unapaka mafuta ya taa kwa unyoya wa kuku. Hakuna aliyenifundisha.

Nilianzia Werugha, kwetu milimani, kwenye kinu cha mjomba wangu cha kusaga mahindi, kwa sababu stima ilikuwa hapo. Vipande vya majaribio nilivibandika juu ya ubao kwa nta ya mizinga yake ya nyuki. Unaiyeyusha, unaimwaga, unalaza shaba, unangoja kidogo. Katika baridi ile na ukungu ule, nta ilishika kama saruji. Niliposhuka Voi kutafuta wateja, kazi zilizokuja zilikuwa vibao vya milango na vya maofisi. Hivyo vina matundu pembeni, kwa hiyo nilivikaza kwa skrubu tu. Nta ikabaki kwenye mkebe.

Sasa, mwezi wa pili, joto limekolea, akaja bibi mmoja wa zile familia za Kiislamu zilizotoka pwani zamani. Alikuwa na kitu amekifunga kwa kanga, amekikumbatia kama mtoto.

"Wewe ndiye fundi unayeandika shaba?"

"Bi mkubwa, hapa Voi hakuna mwingine. Nenda mpaka Taveta, hakuna."

"Taveta sikuuliza."

Akafungua kanga. Lilikuwa sinia la shaba ya njano, limesuguliwa kwa jivu na ndimu miaka na miaka mpaka katikati limekuwa jembamba.

"Mama yangu alikuja nalo kwa gari la moshi siku alipoolewa huku," akasema. "Mimi nguo zangu za harusi zilitoka zimepangwa juu ya sinia hili. Za binti yangu pia. Jumapili ya wiki ijayo ni za mjukuu wangu. Nataka jina la mama liandikwe hapa katikati, na la mjukuu chini yake. Likiharibika, mwanangu, sina jingine."

"Mkono huu, bi mkubwa, haujawahi kuharibu kazi."

Aliniangalia kidogo, akaenda.

Sinia huwezi kulitoboa kwa skrubu. Nikakumbuka nta. Nikaiyeyusha asubuhi mapema, nikalilaza sinia juu ya ubao, likashika vizuri. Nikapanga herufi zangu, nikapima, nikapima tena. Mpaka nawasha rauta ilikuwa saa sita mchana, na chumba changu kilikuwa cha mabati juu na mabati ubavuni. Jasho lilinitiririka mpaka kwenye viwiko. Nilisikia harufu tamu ya asali, nikafurahi nayo, mjinga mimi. Nilipita mara moja, sawa. Mara ya pili nikiwa kwenye herufi ya kwanza kabisa, sinia likateleza. Kisu kikauma shaba, kikapiga kelele kama nguruwe, kikaburuza mfuo kutoka ile herufi kuelekea ukingoni, urefu wa njiti ya kiberiti. Nikazima stima.

Nta ilikuwa laini kama siagi. Ile iliyoshika kama saruji Werugha, Voi ilikuwa inataka kumiminika. Mtu aliyezaliwa milimani, akashuka na akili za milimani! Sinia nililing'oa kwa mikono tu. Chini yake nta ilikuwa imejibandika nene, kwa hiyo sikujua kama kisu kimetokea upande wa pili. Na kusema ukweli, niliogopa kuikwangua nijue.

Fundi wa nguo wa chumba cha pili, Mkamba mmoja wa maneno mengi, alikuja kuona kelele ni ya nini.

"Kaka, si ulisema wewe huharibu?"

"Nyamaza."

"Mwambie limeibwa. Sema mwizi alipita na dirisha."

"Dirisha liko wapi hapa?"

"Basi huna bahati, ndugu yangu. Nenda ukaseme."

Nikalifunga kwa kanga yake, nikaenda. Njiani nilifikiria kuliziba kwa lehemu, nikafikiria kupanda basi la Mombasa nisirudi. Sikuogopa kugombezwa. Niliona nguo za yule msichana zikitoka kwenye karai la plastiki, na sababu ni mimi.

Bibi alikuwa barazani akichambua mchele. Nikamweleza yote, nta, joto, kisu. Akaita aletewe maji ya moto, akaikwangua nta kwa kijiko mwenyewe, polepole, mimi nimesimama. Kisha akalifuta sinia, akalitia maji kidogo, akaliweka juu ya gazeti kavu.

"Kaa," akasema.

Nilikaa. Alirudi kwenye mchele wake. Alichambua ungo mzima. Halafu akaliinua sinia, akapapasa gazeti kwa kiganja.

"Kavu. Halikutoboka."

Jamani, pumzi niliyoshusha hapo, nadhani hata jirani aliisikia.

"Na huu mfuo, bi mkubwa?"

Akanisogezea ukingo wa upande wa pili, akanionyesha mbonyeo. "Hapa nililiangusha kisimani, sijamaliza hata wiki tangu niolewe. Mama alikufa hajui. Wewe angalau umekuja ukasema. Nenda umalize kazi. Ila safari hii maneno kidogo."

Kesho yake niliifungua mashine vipande vipande, nikapanda pikapu iliyoshusha kabichi za Werugha sokoni na kurudi mlimani tupu. Mjomba alikuwa mlangoni pa kinu, mweupe kwa unga.

"Uliondoka hapa ukisema hurudi, wewe ni mtu wa mjini. Umeleta chai?"

"Nimeleta kazi, mjomba."

"Wa mjini hawana stima?"

"Wanayo. Hawana baridi."

Alicheka mpaka akakohoa. Nikayeyusha nta ileile, nikalilaza sinia, nikangoja mpaka nta ikawa ngumu kama jiwe. Nikapita mara ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita. Ukungu ulikuwa mlangoni, vidole vimekufa ganzi, na sinia halikusogea hata unywele. Herufi zilitoka safi, na hapo sijisifu, ni kweli tu.

Nililipeleka Ijumaa, likiwa bado limebandikwa kwenye ubao, nikalibandua kwa maji ya moto mbele yake. Bibi hakuwa akiona vizuri maandishi madogo, akasoma kwa kidole. Alianza na jina la mama yake, herufi moja moja. Kidole kilipofika kwenye mfuo hakikusimama. Alipomaliza alifuta macho kwa upindo wa kanga, akamwita mjukuu wake alete nguo, waone kama zitaenea. Wakaanza kuzikunja na kuzipanga juu ya sinia, wanabishana leso ipi ikae juu, na mimi nimesimama hapo na ubao wangu mtupu mkononi, hakuna hata mmoja anayenikumbuka, na nilikuwa radhi kabisa.