Nyota Yake, Kosa Letu

Profesa wetu huchunguza jinsi nyota zinavyolipuka, na kwa kishindo mdomo wake unazishinda. Mwale wa viini vya atomi vyenye mionzi, unaoiga yanayotokea ndani ya nyota, ukiwashwa, husugua viganja kama bwana harusi, na anayekohoa hufukuzwa maabarani. Jana, kwenye zamu ya kutumia mtambo tuliyoingoja mwaka mzima, hesabu za mionzi zilifurika kwenye skrini tangu asubuhi. "Tukague kwanza, Profesa?" dada mmoja akauliza. "Kagua wewe. Hii nyota yangu." Akampigia mkewe simu, ajitape. Jioni zamu ilipokwisha tukafungua mtambo. Kumbe mionzi iliyokuwa ikihesabiwa ni ya kidonge cha kujaribia vipimo, alichokiweka Profesa mwenyewe akasahau kukitoa. Alifuta miwani, akasema kwa upole tusiouzoea, "Wanangu, hapa tumeteleza."