Chupa Inayopanda Mtende

Saa moja asubuhi, katika shamba moja la Tozeur, mji wa mitende ulio ukingoni mwa jangwa, wanaume sita wako kwenye shina la mtende mmoja, miguu peku, mmoja juu ya mwingine. Aliye kileleni anakata kichala cha tende, anampa wa chini yake, naye anampa anayemfuata, mpaka kinafika ardhini bila tende kuchubuka.

Wa nne kutoka juu ni Lazhar Ben Ammou, mwenye miaka arobaini na mmoja. Leo, akiwa na kamba kiunoni, anapanda kwa mara ya kwanza tangu aanguke. Chini, mkewe Mongia hamwondolei macho.

"Lazhar, usije ukaninyeshea mvua," anatania shemeji yake, Naceur, aliye chini yake.

"Mvua nimeiacha nyumbani, shemeji. Wewe pokea tende."

Miaka miwili iliyopita Lazhar ndiye aliyekuwa mkataji wa kileleni. Siku moja kuti alilolishika lilivunjika, akaanguka mita kumi na mbili, akapiga kichwa. Alikaa siku nne bila kujitambua. Alipozinduka, neno lake la kwanza lilikuwa "maji".

"Nikafurahi, nikasema mume wangu karudi," anasema Mongia. "Kumbe atalisema neno hilo hilo mwezi mzima."

Alikuwa akinywa lita kumi na nne kwa siku, na karibu zote akizimwaga chooni. Majirani wakasema ni kisukari. Mama yake, Bi Zohra, akafungia tende zote kabatini, ufunguo akauficha kifuani. Mvunaji wa Tozeur akawa anaonja tende kwa macho.

"Miaka ishirini nazishusha, halafu mama ananinyima hata moja," anasema Lazhar, na mpaka leo bado amenuna kidogo.

Sukari ilipopimwa, haikuwa na tatizo. Hospitalini, ili waone kama figo zitazuia maji, wakamzuia kunywa tangu asubuhi, huku wakimpima uzito kila saa. Kufika saa saba mchana alikuwa ameshawaomba wauguzi wote. Akamgeukia mkewe.

"Akaniambia, binti ami, nusu glasi tu," Mongia anakumbuka. Binti ami ndivyo Lazhar anavyomwita mkewe. "Nikakataa. Sijawahi kumnyima kitu mimi. Siku ile na mimi sikunywa."

Daktari akawaeleza kwamba pigo lilijeruhi tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Homoni inayoziagiza figo zizuie maji ilikuwa haitoki ya kutosha, hivyo kila alichokunywa kilipita tu. Akapewa vidonge, kimoja asubuhi na kimoja jioni. Siku ya kwanza alikaa saa tano bila kiu, akalia kwa furaha.

Lakini dawa nayo ina masharti. Ikishafanya kazi, akinywa kwa mazoea tu, maji humjaa na chumvi ya damu hushuka. Ilimtokea mara moja. Alitapika, akachanganyikiwa, akamwita mkewe kwa jina la dada yake mwenyewe aliyefariki. Tangu hapo hunywa anapoona kiu, wala hanywi kupita kiu yake.

Hapo ndipo kazi ilipomponyoka, maana hawezi kunywa akiba kabla ya kupanda. Safu ya wavunaji ikishapanda haivunjwi, na nani amtake mtu atakayeteremka kila mara kutafuta maji? Msimu mzima uliopita alikaa kivulini akichambua tende na wazee.

"Hakuna aliyenifukuza. Walinionea huruma, na huruma ile iliniuma kuliko kuanguka," anasema.

Mwaka huu daktari amemruhusu, mradi afungwe kamba na asifike kileleni. Mkuu wa safu, Ami Béchir, alifikiri siku mbili kabla ya kukubali.

Saa tatu, Lazhar anasema kwa sauti ya chini, "Kiu."

Safu inasimama. Mongia anatoa chupa kikapuni, anampa mtu wa mwisho. Inapanda mkono kwa mkono, njia ile ile wanayoshushia tende. Lazhar anapiga mafunda matatu, anairudisha. Naceur anaipokea, anaishusha kwa anayemfuata.

Adhuhuri, wakila mkate chini ya mtende huo, Lazhar anasema akipona vizuri ataomba ruhusa ya kurudi kileleni, akate kichala cha kwanza cha msimu, ampe mkewe.

"Kule juu kabisa?" anauliza Mongia. "Chupa itafika?"

"Itafika," anasema Lazhar, akiwatazama wenzake wanaokula. "Si kuna watu njiani."