Mama wa Bibi Harusi Hajalia

Jamani, leo nimepigiwa vigelegele kwa chozi ambalo si langu! 😂

Ilikuwa sendofu ya kumuaga binti yangu Neema, hapa hapa Kibondo.

Mnanijua. Miaka yote nilikuwa natokwa machozi hata nikiuza maharage sokoni, wateja wananipa pole ya msiba. Daktari akasema macho yangu ni makavu. Nikamcheka! Akanielewesha: jicho likikauka linaumia, likiumia linamwaga maji, ila maji hayo hayalilainishi.

Basi, matone kila siku, kitambaa cha uvuguvugu kwenye kope, na jiko la kuni nikalitoa ndani. Sijapona kabisa, ila naona raha.

Sasa leo Neema kapiga magoti kuniaga. Ukumbi mzima unasubiri mama alie. Mimi nimetulia, namtazama tu mwanangu.

Wifi yangu akaninong'oneza, "Mama Neema, hata chozi moja? Wakwe watasema ulishamchoka mtoto."

Mara vumbi la wachezaji likaanza kuniwasha macho. Nikajifunika kitenge, nikatoa kichupa changu cha matone, nikajidondoshea. Nilipojifunua, tone likateleza shavuni.

Wifi akaruka: "Analia! Mama analia!"

Weee! Vigelegele, mashangazi wote wakaangua kilio. Neema pale chini alikuwa amekiona kichupa, kabana kicheko mpaka mabega yanatikisika.

Sikumsahihisha mtu. Nimekosea?

Na ninyi mliolia, mlimwona mwanangu alivyopendeza?

Mimi nimemwona. Mpaka kile kidoti chake cha shavuni.