Lenzi Zilizokaushwa Jikoni

Simu yangu hulia klik kila nikipiga picha, ingawa ndani yake hakuna kinachofunguka wala kufungika. Ni mlio wa bandia, nanyi mnaujua. Kila nikiusikia hukumbuka kamera ya baba, iliyokuwa na mlio mzito wa chuma, na hukumbuka nilivyomharibia kazi.

Baba alikuwa na chumba cha picha pale Nkubu. Alipiga za vitambulisho, za harusi, za ubatizo, na za mazishi ambapo ukoo mzima hujipanga nyuma ya jeneza. Kisha zikaja kamera zisizotumia filamu, wateja wakamhama, chumba kikabaki cha kusalimiana tu. Akasikia kuna mtu Nairobi anayenunua kamera za zamani na kuwauzia wapenzi wa filamu. Mpango wa baba ukawa huu: auze kamera na lenzi zake mbili, anunue ya kisasa hata kama imetumika, arudi kazini. Ikishindikana, aende Mitunguu kupakia ndizi za watu. Njia ya tatu haikuwepo, na nyumbani sote tulijua.

Mnunuzi alisema angekuja baada ya wiki mbili. Ilikuwa Julai, katika miezi ile ya manyunyu na baridi ambayo nguo hazikauki kambani. Baba aliielekeza lenzi dirishani, akaniambia nitafute nyuzi nyembamba ndani ya kioo, kama za buibui. Huo ni ukungu, akasema, unaletwa na unyevu, na mnunuzi akiuona hata bei hataji. Nilikuwa na miaka tisa, na jambo hilo nililibeba kama siri ya serikali.

Baba akaenda Muthara kwa dada yake siku nne. Asubuhi ya kwanza nilifungua kabati nikakuta vioo vimeshika mvuke. Nilishikwa na hofu. Nikajiuliza mama huweka wapi mbegu za maharagwe zisioze, na jibu nilikuwa nalo: kwenye itara, ule uchaga ulio juu ya meko, ambako joto na moshi hupanda kutwa nzima. Nikazifunga lenzi kwa leso, nikapanda kigoda, nikazisukuma nyuma ya kapu la mbegu. Siku ya nne, kabla baba hajafika, nilizitoa nikazipangusa na kuzirudisha kabatini. Zilikuwa kavu kabisa, zina vuguvugu. Nilijiona fundi.

Mnunuzi alikuja Jumamosi, kijana mpole mwenye kurunzi ndogo. Baba mdogo Kirimi naye alikuwepo, maana harufu ya chai ilimfikia popote alipokuwa. Mimi nilikuwa namimina hiyo chai. Kijana alianza na kamera: akaifungua mgongo, akaiweka sikioni na kuiliza, akaonekana kuridhika. Kisha akaimulika lenzi ya kwanza. Akazungusha pete yake. Vile vibati vyembamba vya ndani vinavyopunguza mwanga vilikuwa vimelowa mafuta yaliyoyeyuka, havikusogea. Ya pili, gundi inayoshikanisha vioo ilikuwa imeachia. Mwishowe akazinusa zote mbili.

"Mzee, hizi zimekaa juu ya moto," alisema. "Kamera nitachukua, lakini bila lenzi si pesa nyingi. Hizi hata ukinipa bure siwezi uza."

Niliweka birika chini. Nilimtazama baba, naye akanitazama kidogo tu, kisha akawageukia wale wawili.

"Ni mimi niliziweka jikoni," alisema. "Kwa itara. Nilifikiri zitakauka."

Baba mdogo alicheka hadi chai ikamwagika. "Wewe? Ulikuwa unapanda itara ukitafuta nini, kwani siku hizi ni wewe unapika?"

Baba akazikusanya lenzi. Na mimi, mnisamehe, nilifurahi. Niliamini kwamba na yeye aliwahi kuziweka kulekule, pengine kabla yangu, na kwamba kosa lilikuwa lake. Mchana huo nilikula vizuri sana.

Kamera ikaondoka na kijana. Wiki iliyofuata baba akaenda Mitunguu, akawa anarudi Jumamosi, mikono imekuwa myeusi kwa utomvu wa ndizi.

Miaka saba baadaye mdogo wangu wa kiume alitahiriwa. Kuanzia siku hiyo alikatazwa kukanyaga jikoni kwa mama, na mimi nikatumwa kumpelekea chakula nje. Nilikuwa nimeshika sahani yake mlangoni nilipoelewa. Kwetu mwanamume aliyetahiriwa, hasa wa rika la baba, hasogelei meko, sembuse kupanda itara. Hakuwahi kuingia mle ndani hata mara moja, na baba mdogo alijua, mnunuzi labda alijua, na mama alijua. Mimi peke yangu ndiye niliyemwamini.

Mwaka jana nilimfuata Mitunguu ili nimwombe msamaha. Maneno nilikuwa nimeyapanga tangu nyumbani. Tuliketi pembeni mwa shamba, na kabla sijaanza, kijana mmoja juu ya lori akaita, "Mpishi, leta kamba!"

Nikamuuliza baba kwa nini wanamwita hivyo. Alisema ni jina tu, ameshalizoea, Kirimi ndiye aliyelileta huku mwaka ule wa kamera. Kisha akaitika, akainuka kupeleka kamba, nami nikabaki nimekaa na maneno yangu.